Mjane wa miaka 31, anaishi peke yake Kisauni: haki zake ni zipi, na ziko mikononi mwa nani?

Swali la msomaji:

"Assalaam aleikum wakili. Mume wangu alifariki miezi saba iliyopita. Aliangukiwa na mzigo kwenye godauni huko Shimanzi, alikokuwa akifanya kibarua karibu miaka mitatu. Nina miaka 31, hatukujaaliwa mtoto. Naishi peke yangu Kisauni, kwenye nyumba tuliyojenga juu ya ardhi ya mtu, kila mwezi tunalipa kodi ya ardhi. Kampuni ilileta elfu hamsini za rambirambi, shemeji akaweka sahihi. Eda imekwisha, na sasa anasema mwanamke kijana hakai peke yake, nirudi kwetu Kwale, nyumba ni ya kwao. Nilisikia serikali ina pesa za wajane. Nimekwenda kwa chifu mara kadhaa, naambiwa umri wangu bado. Je, mimi sina haki yoyote?"

Jibu:

Waaleikum salaam, dada yangu. Pole sana kwa msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo na akupe subira. Nitaanza kwa chifu, maana huko ndiko ulikochoka bure.

Chifu hakukudanganya. Kenya haina posho ya wajane. Inua Jamii, ule mpango wa shilingi 2,000 kwa mwezi, una milango mitatu tu: wazee waliotimiza miaka 70, kaya masikini zinazolea mayatima na watoto walio katika mazingira magumu, na watu wenye ulemavu mkubwa. Ujane haumo. Mjane kijana mwenye watoto anaweza kupita mlango wa pili, kwa sababu mtoto aliyefiwa na baba anahesabiwa. Anayenisoma na yuko katika hali hiyo asikae kimya, amwombe naibu chifu na ofisa wa ustawi wa jamii waiandikishe kaya yake. Lakini mjane asiye na mtoto, mzima wa viungo, anayeishi peke yake, mpango huo haumwoni kabisa.

Mimi naona hili ni pengo baya, na halizungumzwi inavyostahili. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na kinaitaka Serikali iwasaidie wasioweza kujikimu. Hakikusema wasubiri uzee. Wala si kwetu tu: India ina pensheni ya wajane masikini inayotoka serikali kuu, na hata hiyo huanzia miaka 40. Kila tarehe 23 Juni dunia huadhimisha Siku ya Wajane, na wanaotajwa zaidi ni bibi vizee na akina mama wenye watoto. Mwanamke wa miaka 31 huambiwa bado kijana, ataolewa tena. Kuolewa tena si riziki ya kupangiwa na ofisi.

Hata hivyo, kwa hali uliyoieleza, kuna pesa na mali ambazo ni zako tayari, na ni nyingi kuliko hiyo elfu mbili. Tatizo ni kwamba zimeshikwa na watu wengine, na moja kati ya hizo haki ina tarehe ya kufa. Kwa hiyo iache ofisi ya chifu kwa sasa, uende Shimanzi kwanza.

Mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazini, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo watu wa bandarini huiita WIBA, inamtaka mwajiri awalipe wategemezi wake fidia ya mapato ya miezi 96. Hiyo ni miaka minane ya mshahara. Tuchukulie mumeo alikuwa akipata shilingi 18,000 kwa mwezi ukijumlisha siku zake zote za kazi: fidia yake ni shilingi 1,728,000. Sasa iweke ile elfu hamsini kando yake uone. Rambirambi ni utu wa mwajiri, tunashukuru; fidia ni deni lake, na moja hailipi nyingine.

Usikubali kuambiwa kwamba alikuwa kibarua tu. WIBA humlinda anayefanya kazi kwa ujira, awe na barua ya ajira au hana. Tena Sheria ya Ajira, nayo ya 2007, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja hahesabiki tena kuwa wa kutwa. Mumeo alikaa karibu miaka mitatu. Kama alichukuliwa kupitia ajenti, godauni litamsukumia ajenti, na ajenti atalisukumia godauni. Wewe waandike wote wawili kwenye madai, waachie wenyewe waelezane mbele ya ofisa.

Tarehe yenyewe ni hii: madai yafikishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya kifo. Wewe umebakisha mitano. Yanapelekwa Idara ya Usalama na Afya Kazini, iliyo chini ya wizara ya kazi, na ofisi yao ipo hapa Mombasa. Ukifika, swali lako la kwanza liwe: je, ajali hii iliripotiwa? Ajali iliyoua, mwajiri hutakiwa kuiarifu idara ndani ya saa 24. Ikiwa faili ipo, chukua namba yake. Ikiwa haipo, peleka wewe taarifa kwa maandishi, na uhakikishe nakala yako imepigwa mhuri wenye tarehe. Huo mhuri ndio utakaokuokoa siku mtu akisema ulichelewa.

Ushahidi ndipo kesi nyingi za kwetu zinapoangukia. Sisi maiti wetu tunamzika siku hiyo hiyo. Familia hukataa upasuaji wa maiti, na nawaelewa. Lakini baada ya miezi mwajiri au bima yake huja na maneno: alikuwa na presha, alianguka mwenyewe. Ikiwa hapakuwa na upasuaji, usikate tamaa. Nenda hospitali alikopelekwa uombe karatasi za mapokezi, maana daktari au muuguzi huandika aliletwa na nani, amejeruhiwa wapi na kwa nini. Nenda kituo cha polisi uombe namba ya taarifa iliyoandikwa siku ile. Zungumza na vibarua wenzake wawili watatu walioona, upate majina kamili na namba za simu kabla hawajahamia godauni jingine. Hawa watu hawakai mahali pamoja. Na mshahara wake, kama ulilipwa kwa M-Pesa, taarifa ya laini yake itaonyesha nani alituma, lini na kiasi gani. Hapo unapata kwa pamoja uthibitisho wa ajira na wa mapato. Hiyo simu kama anayo shemeji, itake leo, na laini isiachwe ikafungwa.

Kuhusu sahihi ya shemeji: omba nakala ya karatasi aliyotia sahihi. Pengine ni risiti ya rambirambi tu. Pengine chini yake imeandikwa kwamba familia imeridhika na haina madai zaidi. Kwa vyovyote, wewe hukuweka sahihi, wala hukumpa idhini ya kukuwakilisha. Kuanzia sasa mtu yeyote akikuletea karatasi, awe wa kampuni au wa bima, mwambie utaisoma na wakili wako kwanza. Hata kama ameshika hundi mkononi.

Jambo moja zaidi kuhusu fidia hii, na ugomvi mwingi huanzia hapa. Fidia ya kifo kazini haiingii kwenye mirathi. Ni ya wategemezi, na mjane ndiye mtegemezi wa wazi kabisa. Mavyaa wako, kama alikuwa akimtegemea mwanawe kwa chakula na dawa, anaweza kutajwa naye, na si vizuri kumficha. Lakini shemeji mzima anayefanya kazi zake hana fungu humo kwa kuwa ndugu wa marehemu.

NSSF, hazina ya taifa ya hifadhi ya jamii, haitachukua maneno mengi. Tangu Februari 2023 mchango ni asilimia 6 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri. Kwa mshahara wa 18,000 hiyo ni shilingi 2,160 kila mwezi zilizotakiwa kuingia kwa jina la mumeo. Nenda na cheti cha kifo, cheti cha ndoa na kitambulisho chako, uombe taarifa ya michango yake na fomu ya mafao ya warithi wa mwanachama. Ukikuta kampuni ilikata lakini haikupeleka, waambie NSSF papo hapo. Wana mamlaka ya kumfuata mwajiri, na wewe huna haja ya kugombana naye getini.

Labda umesita hapo kwenye cheti cha kifo. Wengi wetu hubaki na kile kibali cha mazishi na kudhani kimetosha. Hakitoshi. Cheti cha kifo kiombe kwenye usajili wa vizazi na vifo au kupitia eCitizen. Ukikwama, kituo cha Huduma pale Posta, Digo Road, watakuelekeza. Chukua zaidi ya nakala moja iliyothibitishwa. Na kama nikaha yenu haikuandikishwa, usiogope wala usikubali kuambiwa hukuwa mke. Walii wako, mashahidi wa nikaha na aliyewaozesha wanaweza kufika mbele ya kadhi, ndoa ikathibitishwa kwa amri ya mahakama.

Sasa mirathi. Mumeo Mwislamu na ninyi warithi Waislamu, kwa hiyo mahali penu ni Mahakama ya Kadhi, kwa mujibu wa kifungu cha 170 cha Katiba. Kabla ya kugawa chochote, madeni ya marehemu hulipwa, na mdai mmojawapo ni wewe. Mahari ambayo hakuimaliza ni deni. Wajane wengi huona haya kulitaja, wengine hushawishiwa wasamehe huku bado wamevaa nguo za eda. Ukitaka kusamehe ni hiari yako, lakini lisamehe ukijua ni kiasi gani, na usifanye kwa kusukumwa.

Baada ya madeni, fungu lako limetajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 12: robo, kwa kuwa hakuacha mtoto. Angeacha mtoto, hata wa mke mwingine, lingekuwa thumuni, yaani moja ya nane. Chukua mfano: mali yake yote, nyumba na akiba, ithaminiwe shilingi 600,000. Mahari uliyobakishiwa ni 50,000, na madeni mengine 30,000. Zinabaki 520,000. Robo yako ni 130,000, juu ya ile mahari 50,000. Zilizobaki ni za mamake, babake kama yu hai, na ndugu kwa mpangilio wa kadhi. Kwa hiyo shemeji anaweza kweli kuwa na haki ndani ya nyumba ile. Lakini kusema yote ni ya kwao, hilo hakuna sheria inayomkubalia, ya dini wala ya serikali. Fungu hili pia halipotei ukiolewa tena, na mtu asikutishe kwa hilo.

Madeni ya simu, kama Fuliza na mikopo ya aina hiyo, hulipwa kutoka mali ya marehemu. Ukipigiwa simu na wadai, wewe hudaiwi binafsi isipokuwa ulimdhamini.

Nyumba yenyewe nataka niifafanue, kwa sababu nyumba bila ardhi ni jambo la kwetu Mombasa na makaratasi yake huwa machache. Ardhi ni ya mwenyewe. Kuta, mabati na milango ni mali ya aliyejenga, na hiyo ndiyo inayorithiwa. Mara nyingi hakuna hati yoyote zaidi ya kitabu cha risiti za kodi ya ardhi, na ndiyo maana jina lililo kwenye risiti lina nguvu. Nimeona mara nyingi ndugu wa marehemu wakienda kwa mwenye ardhi kimyakimya, wanalipa miezi mitatu mbele, risiti inatoka kwa jina lao, na mwaka ukipita mjane hana la kuonyesha. Kwa hiyo kodi lipa wewe, kwa M-Pesa ikiwezekana ili ibaki kumbukumbu, na risiti iandikwe kwa jina la marehemu na warithi wake. Mwandikie mwenye ardhi barua fupi: mwenye nyumba amefariki, suala linapelekwa kwa kadhi, jina lisibadilishwe wala nyumba isiuzwe mpaka mahakama iamue. Mpe kwa mkono mbele ya shahidi, nakala ubaki nayo.

Umeandika "tuliyojenga". Neno hilo lina uzito wake wa pesa. Ulichotoa wewe mfukoni mwako si mali ya marehemu, hakigawanywi na mtu. Hutolewa kwanza, halafu kinachobaki ndicho mirathi. Kama uliuza viazi karai ukanunua mabati, au mchezo wa kuchangiana pesa ulipokufikia ukamlipa fundi, tafuta alama zake: risiti ya duka la vifaa, ujumbe wa M-Pesa kwa fundi, kitabu cha mchezo, fundi mwenyewe. Yaandike yote kwenye daftari ukiwa bado unakumbuka, mwaka na kiasi, uyapeleke kwa kadhi pamoja na orodha ya mali.

Nikija kwa hilo la kuishi peke yako: hakuna sheria inayomlazimisha mjane kurudi kwao. Eda ya miezi minne na siku kumi umeikaa nyumbani mwako kama ulivyoamrishwa, imekwisha, na baada yake ni hiari yako ukae au uende. Mpaka mirathi igawanywe wewe ni mmoja wa wenye nyumba ile, na hakuna mrithi mwenye haki ya kumtoa mwenzake kwa nguvu. Ikiwa maneno ya shemeji yatageuka kufuli mlangoni, vitisho, au shinikizo la kukuoza kwa mtu wa ukoo, Sheria ya Kukinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inataja kwa jina kurithiwa kwa lazima na kuingiliwa na mashemeji na wakwe, na hakimu anaweza kutoa amri ya kukulinda. Dawati la jinsia kwenye kituo cha polisi ndipo pa kuanzia. Naye kama ni mtu wa dini, mkumbushe aya ya 19 ya sura hiyo hiyo ya Nisaa, kwamba si halali kuwarithi wanawake kwa nguvu.

Ningependa hata hivyo uanze kwa upole, kwa mavyaa wako. Yeye amefiwa na mwana. Mwambie unakwenda kwa kadhi, na kwamba fungu lake pia litalindwa huko. Nimeona kesi zikiisha kwa wanawake wawili kufika mahakamani pamoja, na shemeji hakupata pa kusimama.

Afya usiiache. Kama ulikuwa umeandikwa chini ya mumeo, jisajili mwenyewe SHA, bima ya afya ya serikali, kwa *147#. Walio nje ya ajira rasmi hupimwa kipato, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Jibu maswali ya kipimo hicho kwa hali yako ya leo, si ya wakati mumeo yuko hai. Mikopo, iwe ya Hazina ya Wanawake au Hustler Fund, ni mikopo. Sikushauri uiguse kwa kula wakati unadai zaidi ya milioni.

Na ukikosa chakula wakati unasubiri, nenda msikitini kwenu uulize habari ya zaka bila kuona haya. Katika mafungu manane ya Suratut Tawba, mafukara na masikini ndio wa kwanza, na humo hakuna sharti la umri wala la watoto.

Huna haja ya kuuza kitu ili upate wakili. Mashirika ya FIDA (la wanawake mawakili), MUHURI (la haki za binadamu) na Kituo cha Sheria yote yana ofisi Mombasa na husaidia kesi kama yako, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya serikali kwa wasio na uwezo. Msomaji asiye Mwislamu aliyefiwa bila mtoto ajue kwamba yeye huongozwa na Sheria ya Urithi, sura ya 160: vyombo vya nyumbani ni vyake, anapata shilingi 10,000 au asilimia 20 ya mali iliyobaki, ile iliyo kubwa, na haki ya kuitumia iliyosalia maisha yake yote. WIBA na NSSF ni sawa kwa wote.

Wiki hii fanya mawili tu: cheti cha kifo, na idara ya usalama kazini. Ukipata namba ya faili, niandikie, pamoja na nakala ya ile karatasi aliyotia sahihi shemeji, niisome kabla hujarudi kwa kampuni.